Msiniandikie "Marekebisho Madogo"

Vijana, nimesikia mnataka kuipiga chini Chekeche. Aliyeniambia hakuwa na nia mbaya. Alikuja kunijulia hali hapa kwangu Msalato, nikamwekea chai na karanga, akasema kwa furaha kabisa, "Mama Zuhura, tunaiandika upya yote. Ile ya zamani imejaa vitu vya ajabu." Nikamuuliza vitu gani. Akacheka. "Kuna jaribio moja lina salamu ndefu mpaka unachoka kusoma. Mtu anauliza habari za watoto, za wazazi, za mvua, halafu kuna mbuzi anachechemea. Hilo tunalifuta."

Nikaweka kikombe chini. Presha ninayo, na daktari amenikataza hasira, lakini daktari huyo hajawahi kufanya kazi na ninyi. Kwa hiyo nimekaa kuandika, na ninawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjafuta kitu.

Nianze na wale ambao hawajui tunazungumza nini. Chekeche ni maktaba ya msimbo, na sisi maktaba hatumaanishi vitabu. Ni msimbo ulioandikwa mara moja, kisha mifumo mingine ikauazima badala ya kila mtu kuandika wake. Kazi yake ni kupokea maandishi na kutafuta ndani yake kitu unachokitaka: namba ya simu, tarehe, jina la kata. Unaipa ruwaza, yaani maelezo ya umbo la kitu hicho, nayo inachekecha. Ninyi mnaiita regex na mnaichukulia kama umeme wa ukutani. Unawaka, basi. Siku ukikatika mnaniita mimi.

Aliyeiandika ni Mzee Mhina, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nilimkuta ofisini nikiwa binti, mtoto wa mjini hapahapa Dodoma, baba yangu akiuza vitambaa karibu na soko. Siku zile kumwambia mtu unaandika programu ilikuwa kama kumwambia unafuga samaki jangwani. Mzee Mhina alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa msimbo. Aliniambia neno moja ambalo nimelirudia mpaka mmelichoka: "Usiieleze mashine kila kitu ambacho mtu anaweza kusema. Ieleze unachokitafuta." Nilidhani nimelielewa siku hiyohiyo. Wote hudhani hivyo.

Siku moja karani mmoja kwenye mfumo wa kutafuta nyaraka aliandika kinyota peke yake kwenye kisanduku, akabonyeza. Chekeche ikalala chali, na mifumo yote iliyoiazima ikalala nayo. Kila mtu akamtafuta karani ili amkaripie. Mzee Mhina akamtafuta ili amuulize alikuwa anataka nini. Yule dada akasema, "Nilitaka vyote." Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Wiki hiyo kinyota peke yake kikapata maana, na mbele ya marekebisho akaandika kwa lugha ya watu: *Zamani ukiweka kinyota peke yake mashine ilianguka. Sasa inakuletea vyote.* Mtu yeyote angesoma akajua kilichokuwa kibaya na kilichopona. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika.

Mzee alipostaafu nikabaki naye Deo. Wengi wenu mnamfahamu. Kijana hodari, anavaa vizuri, anaandika msimbo haraka kuliko ninavyoandika jina langu. Alikuja kutoka Moshi serikali ilipohamia huku, na kwa mwaka mzima alilalamikia vumbi kana kwamba ni mimi niliyelimwaga. Alipofanywa mkuu wa kitengo nilifurahi, wallahi. Kosa lake lilikuwa moja na lilinitoa roho: kila toleo jipya la Chekeche aliliandikia maneno yaleyale. "Marekebisho madogo na maboresho." Umerekebisha nini? Marekebisho madogo. Umeboresha nini? Maboresho. Mpishi akikwambia chakula cha leo ni chakula, utaridhika?

"Mama, hakuna anayesoma hizo notes," alikuwa akiniambia.

"Mimi nasoma."

"Wewe unajua tayari."

Sikuwa najua tayari. Ndipo tunapofika Haneti.

Kulikuwa na mfumo wa kupokea taarifa za visima virefu vya vijijini. Kila kisima kina pampu, kila pampu ina namba, na kila pampu ina mtunzaji aliyechaguliwa na kijiji na kukabidhiwa ufunguo wa kibanda chake. Mtunzaji anatuma ujumbe wa simu: namba ya pampu, kisha neno moja, nzima au mbovu. Ujumbe unaingia Dodoma, Chekeche inachomoa namba na neno, na ikiwa ni mbovu fundi anapangiwa safari. Jambo jepesi kabisa.

Ila ruwaza haikuandikwa na Mzee Mhina. Iliandikwa kwa haraka na mtu aliyetaka kuwa mkarimu: maneno yoyote, kisha maneno mengine yoyote, mara nyingi kadiri yatakavyokuwa, kisha namba. Ninyi mmeshaanza kukunja uso, na vizuri. Kwa wengine nitasema hivi. Mchukue mtu, mpe mchele kwenye ungo, mwambie atafute jiwe. Huyu anaugawa mchele mafungu mawili, anatafuta, hapati. Badala ya kusema hakuna, anauchanganya, anaugawa mafungu matatu, anatafuta tena. Kisha anahamisha punje moja kutoka fungu hili kwenda lile, anaanza upya. Mchele ni uleule. Ukiwa konzi moja atamaliza. Ukiwa pishi, mtakufa njaa. Ndivyo Chekeche ilivyofanya kila ujumbe ulipokuwa na maneno mengi kabla ya namba, na nyuma yake foleni nzima ya ujumbe wa watu wengine ikasubiri.

Nikiwa likizoni Tabora, binti yangu Zuhura amejifungua, Deo akaona foleni imekwama. Akaweka dawa: ujumbe wowote ukiichosha Chekeche, utupwe, foleni iendelee. Hakuweka kumbukumbu. Hakumwambia mtumaji. Foleni ikatembea kama maji ya mfereji, wakubwa wakampongeza, naye akaliandikia toleo lile maneno yake matukufu. Nikarudi kutoka likizo, nikasoma "marekebisho madogo na maboresho", nikaendelea na kazi yangu.

Baada ya muda ikaja barua pepe kutoka wilayani. Kuna kijiji upande wa Haneti kisima kimekufa, kina mama wamerudi kuchimba mchanga korongoni kutafuta maji, na mtunzaji wa pampu anadai ametuma taarifa tena na tena. Je, zimefika? Deo akatazama, hakukuwa na kitu. Akajibu kwa ufupi kwamba hakuna taarifa yoyote iliyopokelewa. Lilikuwa jibu sahihi la mashine. Kule kijijini lilisomwa mkutanoni, mbele ya watu wote, na mtunzaji akaambiwa ni mwongo. Wakamnyang'anya ufunguo.

Mimi sikuyajua hayo. Nilitumwa Haneti kuwafunza watunzaji namna ya kutuma taarifa, kwa sababu ofisi ilishaamua kwamba tatizo ni watu wa vijijini kutokujua kutuma. Tukakaa kwenye darasa la shule. Nilipomaliza maneno yangu, mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma peke yake, akainuka akanifuata. Nikamwamkia. Akaniitikia, akanishika mkono na hakuuachia.

"Mwanangu, mimi ndiye Nyemo," akasema. "Ndiye yule wanayesema hakutuma. Mimi nilituma."

Wenzake wakatazama pembeni. Mmoja akasonya. Nikamwambia, "Bibi, nionyeshe unavyotuma."

Akakaa kwenye dawati la mtoto, akatoa simu yake ya vitufe, akaanza. Aliandika polepole na hakuruka herufi. *Mbukwenyi wanangu wa Dodoma. Hamjambo. Watoto hawajambo? Wazazi wenu wanaendeleaje, na miguu yao? Huko mvua imenyesha? Sisi huku tunamshukuru Mungu, mbuzi nao wazima isipokuwa mmoja anachechemea.* Ikaendelea hivyo, ikawaulizia majirani wa ofisi, ikawaombea heri. Mwisho kabisa, kwa unyenyekevu, ikaja namba ya pampu na neno mbovu.

Nikajua Chekeche ingechoka kabla ya kuifikia namba. Nikamuuliza, "Bibi, kila siku unaandika hivi?"

"La. Pampu ikiwa nzima nasema hamjambo, basi. Hilo si la kumsumbulia mtu. Lakini nikiwa na shida, na shida yenyewe kubwa, nitamwingiliaje mtu nayo ghafla?"

"Na wasipojibu?"

"Nikajua nimewakosea adabu mahali. Nikaongeza."

Mmeona? Shida ikiwa ndogo, salamu fupi, ujumbe unapita. Shida ikiwa kubwa, salamu ndefu, ujumbe unatupwa. Asipojibiwa anaongeza salamu, na kila akiongeza, ndivyo anavyozidi kutupwa. Tulikuwa tumejenga mtambo wa serikali unaosikia kila kitu isipokuwa kilio. Nilisimama katika lile darasa nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hasira ambayo mpaka leo nikiigusa ina moto.

Nikarudi ofisini bila hata kupitia nyumbani, nikafungua msimbo, nikaikuta amri ya kutupa. Deo akanisikiliza akizungusha kalamu.

"Mama, kwa heshima, hiyo ni user error, kosa la mtumaji. Maelekezo yanasema namba na hali. Sasa mbuzi wanatoka wapi?"

"Deo, wewe ulipokwenda kwa wakwe zako ulifungua mlango ukasema nataka binti?"

"Ile ni tofauti."

"Tofauti yake nini? Wewe ulikwenda na mshenga na wazee wa ukoo, mkazungumza habari za migomba mpaka chai ikapoa. Yeye hana mshenga. Ana salamu."

Akacheka, na nilijua nimempata nusu. Lakini nusu ya Deo ni hatari. Kesho yake akaja na ufumbuzi: orodha ya salamu zote, Chekeche izikate kwanza. Akaandika shikamoo, hamjambo, habari. Nikamwongezea mbukwenyi ya Wagogo. Mwenzetu wa dirishani akasema Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nikasema asalaam aleikum. Mlokole wa masijala akapita, akasema Bwana asifiwe, tena akataka kujua kwa nini hayumo. Mmasai mlinzi akaitwa. Mpaka saa za chakula ofisi nzima ilikuwa inasalimiana na hakuna aliyefanya kazi. Deo akashika kichwa.

"Hazina mwisho hizi, Mama."

"Hazina. Na bado hujafika kwa mbuzi."

Ndipo nikamwambia neno la Mzee Mhina, kwamba usiieleze mashine kila kitu ambacho mtu anaweza kusema. Safari hii alikuwa amechoka kiasi cha kusikia. Tukaitupa ile ruwaza ya maneno yoyote na maneno yoyote. Tukaandika inayotafuta tarakimu kwanza, na zikifuatwa na nzima au mbovu, hapohapo imefika. Kisha akatokea bwana mmoja wa Ihumwa aliyeandika kwamba wana wiki 2 mbovu kabisa bila maji, na Chekeche ikaanza kuipangia fundi pampu namba 2, ambayo haipo huko. Basi tukaongeza: namba iwe ya pampu iliyosajiliwa kwa mtu huyo. Hamuwezi kuyajua haya mkiwa mmekaa. Lazima mtu wa Ihumwa awaandikie.

Hiyo ilikuwa ruwaza. Chekeche yenyewe nayo tukaifanyia kazi, maana ruwaza mbaya zitaandikwa tena, na mtaziandika ninyi. Tukaifundisha ikumbuke mahali iliposhindwa, isirudi kugawa mchele uleule. Hapo Deo aling'aa kweli. Sehemu ile ngumu ni yake, sikuigusa, na sijaona msimbo mzuri zaidi ya ule. Na jambo la mwisho nililishikilia mimi kwa meno: ujumbe usioeleweka hautupwi. Unawekwa kando, na binadamu anausoma. Kama hamna binadamu wa kuusoma, msipokee ujumbe wa watu.

Kisha nikampigia Bibi Nyemo kuomba ruhusa, na maneno yake tukayaweka kama jaribio. Kila mtu akibadilisha kitu, Chekeche lazima iusome ule ujumbe mpaka mwisho, mbuzi na wote, na itoe namba. Ikishindwa, toleo halitoki.

Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, Deo alikuwa ameshalitoa. Na mfumo ulikuwa umeshatuma taarifa kwa watunzaji na wenyeviti wa vijiji vyote. Mnajua aliandika nini.

Sikumgombeza. Sauti ilikuwa imekwisha. Nikaomba gari, nikaenda Haneti siku ya mkutano wa kijiji, nikapewa nafasi ya kusema. Nikasema yote: ujumbe wa mama huyu ulifika Dodoma, mashine yetu ikautupa, yeye hana kosa. Nilidhani nimemaliza. Mwenyekiti, mzee mwenye koti, akatoa simu yake mfukoni akaisoma kwa sauti.

"Mfumo umefanyiwa marekebisho madogo na maboresho. Endeleeni kuutumia." Akanitazama. "Mama, tunakuheshimu. Lakini hapa hakuna palipoandikwa kwamba mlikosea. Kama ni jambo kubwa hivyo, la kumtoa mtu kwenye kazi, mbona wenyewe wanasema dogo?"

"Labda amekuja kumtetea rafiki yake," akasema mwingine, na watu wakacheka kidogo.

Bibi Nyemo alikuwa amekaa chini, anatazama vidole vyake. Nikachukua simu, nikampigia Deo, nikaweka sauti ya juu.

"Yes Mama, niko kwenye kikao kidogo, naweza—"

"Uko kwenye mkutano wa kijiji. Wanakusikia. Salimia."

Kisha, nampa haki yake, kijana akasalimia. Akawaamkia wazee, wakaitikia marahaba kwa pamoja. Akauliza habari za kijiji, za mifugo, za kilimo. Kisha akasema, "Wazee wangu, mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna taarifa iliyofika. Taarifa za Bibi zilifika zote. Mashine yetu ilizitupa, na amri ya kuzitupa niliiweka mimi. Bibi alisema kweli tangu mwanzo."

Upepo ukavuma kwenye ile simu au kwetu, sikujua. Mwenyekiti akavua kofia. Akamwita aliyekuwa na ufunguo, akaupokea, akaenda mwenyewe kumkabidhi Bibi Nyemo kwa mikono miwili. Bibi akaufunga kwenye pindo la khanga. "Haya," akasema.

Deo alilirekebisha tangazo siku hiyohiyo. Liko pale mpaka leo, limeandikwa kwa lugha ya watu: *Zamani mashine ilitupa ujumbe wenye salamu ndefu bila kumwambia aliyeutuma. Waliosema wametuma walikuwa wametuma.* Tangu hapo hakurudia maneno yake yale. Ninyi mmeyarudia. Nimeona toleo lenu la mwezi uliopita.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia.

Karibu na kustaafu kwangu, pampu ile iliharibika tena. Ujumbe ukaingia. Nilikuwa nimekaa na Deo, tukauona pamoja. Namba ya pampu. Mbovu. Basi. Hamjambo haikuwepo, wala wazazi, wala mvua. Chekeche haikuwa na cha kuchekecha. Fundi akapangiwa safari siku hiyo, maji yakarudi, na kama mnapima kazi kwa mapigo ya saa, ulikuwa ujumbe bora kuliko wote aliowahi kututumia.

"Umeona, Mama?" Deo akasema, tena kwa wema. "Ameelewa maelekezo."

Nikatoka nje barazani. Nikampigia. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani, za majirani, za magoti yake, za mvua, nikamuuliza yule mbuzi kama bado anachechemea. Niliuliza mpaka nikaishiwa. Akanijibu moja moja, kwa utulivu, bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, una shida gani?"

Nilikuwa nayo. Nilitaka kumwomba atusalimie tena, na sikujua pa kuanzia, kwa kuwa watu walioitwa waongo kwa sababu ya salamu zao hawaombwi hivyo kwa simu. Nikamwambia sina shida, nilikuwa nampigia tu. Akasema, "Haya."

Ndiyo maana lile jaribio liko pale. Siku akiamua kutusalimia, mashine iwe tayari. Kama bado mnaona ni kitu cha ajabu na mnataka kulifuta, sitawazuia, sina tena ufunguo wa ofisi. Lakini nendeni kwanza Haneti mkamwambie wenyewe. Na mkifika, msianze na namba.